Barafu Hufika Kwenye Glasi, Haifiki Kwenye Mtungi

Oktoba 1977, katika mji wa Ames, jimbo la Iowa, mbali kabisa na bahari yoyote, watu wamekusanyika wakiwa na vinywaji mkononi. Barafu iliyo kwenye vinywaji hivyo haikutoka kwenye friji. Ilitolewa Alaska, ikabebwa na helikopta, ikapandishwa ndege, ikamalizia safari juu ya lori ikiwa imefungwa vizuri isiyeyuke. Zaidi ya tani 2. Nyuma ya kongamano hilo alikuwa mwanamfalme wa Saudia, na swali lililowaleta pamoja lilikuwa moja: tunaweza kuenda Antaktika, tufunge kamba mlima wa barafu, tuuvute baharini hadi Jeddah, tuuyeyushe, tunywe?

Najua unacheka. Hata enzi hizo watu walicheka. Lakini wale waliokuwa pale Ames hawakuwa wamelewa. Walikuwa wahandisi, wataalamu wa bahari na wanasayansi wa barafu, na walikuja na hesabu. Wazo lenyewe lilikuwa limewatangulia kwa karibu miaka 30, na halikufa pale. Limezikwa na kufufuka mara kadhaa, na mara nyingi hufufuka pale jiji fulani linaposhikwa na kiu.

Wacha niuweke msimamo wangu mezani mapema. Kwa karibu miaka 200 binadamu ameweza kusafirisha barafu ya mbali hadi kwenye glasi ya tajiri. Hajawahi kuivuta hadi ikafika kwenye mtungi wa mtu wa kawaida. Na ukifuata hii historia hatua kwa hatua, utaona kwamba umbali haukuwa shida kubwa zaidi.

Barafu ya baharini isiyo na chumvi

Tuanze na swali ambalo kila mtu huuliza: hiyo barafu si iko baharini, si ina chumvi?

Hapana. Mlima wa barafu, ambao vitabu vingine huuita siwa barafu, huzaliwa nchi kavu. Theluji inaanguka Antaktika au Greenland kwa maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka, inajikandamiza mpaka inakuwa barafu ngumu. Hiyo barafu husogea polepole kuelekea baharini kama uji mzito kwenye sinia iliyoinamishwa. Ikifika ukingoni, inakatika. Kipande kilichokatika ndicho kinachoelea, na ni maji matamu kabisa yaliyoganda. Takriban sehemu 9 kati ya 10 za kipande hicho ziko chini ya maji, kwa hivyo unachoona juu ni kofia tu.

Karibu asilimia 70 ya maji matamu ya dunia hii yamefungiwa kwenye barafu, na nyingi ya barafu hiyo iko Antaktika. Julai 2017 kipande kilichopewa jina A68 kilikatika huko. Kilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 5,800 hivi. Yaani Kaunti ya Nairobi ingeingia humo mara nane na nafasi ibaki. Uzito wake ulikadiriwa kuwa tani trilioni 1. Kikaelea taratibu hadi karibu na kisiwa cha South Georgia, kikavunjikavunjika, na mwaka wa 2021 kikawa kimekwisha. Maji yote hayo yakaingia kwenye chumvi bila mtu kuchota hata kikombe.

Ukiisoma hiyo habari ukiwa na mtungi mtupu jikoni, lazima wazo likujie. Ndivyo lilivyowajia wengine.

Boston hadi Calcutta, 1833

Kabla ya mtu yeyote kupanga kuvuta mlima mzima, kulikuwa na msee mmoja wa Boston aliyeitwa Frederic Tudor. Yeye hakwenda Antaktika. Majira ya baridi yakifika, maziwa na vidimbwi vya kwao viliganda, naye akawa anakata ile barafu kwa misumeno na kuiuza kwenye nchi za joto. Shehena yake ya kwanza aliipeleka Martinique, visiwa vya Karibi, mwaka wa 1806. Ikayeyuka, akapata hasara. Baadaye aliwahi hata kufungwa kwa sababu ya madeni. Hakuacha.

Siri aliyokuja kuigundua ni ya kawaida sana: vumbi la mbao. Ukizungushia barafu vumbi la mbao la kutosha na kuipanga bila kuacha mianya, joto linachelewa kuingia. Mwaka wa 1833 meli yake iliyoitwa Tuscany iling'oa nanga Boston ikiwa na tani 180 za barafu kuelekea Calcutta, India. Safari ilichukua miezi minne na ilivuka ikweta mara mbili. Ilipofika, tani kama 100 zilikuwa bado zipo. Hakuna umeme, hakuna friji, ni mbao tu na kichwa kinachofikiri.

Sasa uliza: nani alizinunua? Wateja wakubwa walikuwa Waingereza waliokuwa wakitawala pale, waliotaka vinywaji baridi kwenye joto la Bengal. Na hapa ndipo penye hesabu ninayotaka ushike, kwa sababu itarudi tena na tena.

Tani moja ya barafu ikiyeyuka inakupa lita 1,000. Hiyo ni mitungi 50 ya lita 20. Ukiiuza kama maji ya kupikia na kufulia, unapata bei ya mitungi 50, basi. Lakini ukiikatakata uiuze kama ubaridi kwenye glasi, tani hiyo hiyo inakuwa maelfu ya vinywaji, na kila kimoja kinalipiwa na mtu ambaye mfuko wake hauumi. Tudor angeweza kupoteza tani 80 baharini na bado acheke akielekea benki. Muuzaji wa maji hawezi. Biashara ya glasi inavumilia hasara ya njiani. Biashara ya mtungi haivumilii.

Mwanamfalme na mlima wake

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanasayansi wa bahari John Isaacs, wa taasisi ya Scripps kule California, alipendekeza barafu ya Antaktika ivutwe hadi pwani ya San Diego. California ya kusini ilikuwa inakua haraka na maji yake yalikuwa yanatoka mbali. Wazo lilionekana kama la kuchekesha watu chakulani, lakini halikusahaulika. Mwaka wa 1973 watafiti wawili, Wilford Weeks na William Campbell, walilipiga hesabu kwa umakini. Mwaka huo huo taasisi ya RAND nayo ikatoa ripoti yake. Jibu la jumla liliwashangaza wengi: kwa karatasi, inawezekana, mradi uvute kipande kikubwa sana. Kidogo kitaisha njiani.

Ndipo akaja Mohammed al-Faisal, mtoto wa Mfalme Faisal wa Saudia. Huyu hakuwa tajiri aliyeota tu ndoto. Alikuwa amesimamia shirika la serikali la kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, kwa hivyo alijua vizuri gharama ya kila lita. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana tangu 1973, na pesa ilikuwepo. Akaungana na Wafaransa wawili, mpelelezi wa maeneo ya barafu Paul-Émile Victor na mhandisi Georges Mougin, akaanzisha kampuni. Mpango: chukua mlima wa barafu wa tani milioni 100, uvalishe kitambaa na plastiki kama blanketi, ufunge tagi kadhaa (zile meli fupi zenye nguvu zinazovuta meli kubwa pale bandarini Mombasa), uanze safari ya miezi. Gharama ilitajwa kuwa kama dola milioni 100.

Hebu ifikirie hiyo njia. Kutoka Antaktika hadi Jeddah, lazima upande Bahari ya Hindi kwa upande wetu, uvuke ikweta, uzunguke Pembe ya Afrika, uingie Bahari ya Shamu. Yaani mlima wa barafu ungepita mbele ya pwani ya Afrika Mashariki, huko mbali baharini. Upepo wa kusi, ambao mabaharia wa pwani yetu wameutumia kwa karne nyingi kupanda Arabuni, ungesukuma kutoka nyuma. Lakini maji yenyewe hapa ikweta yana joto la karibu nyuzi 28. Ni kama kubeba siagi kupitia jikoni.

Na huo mwendo! Kipande cha ukubwa huo huwezi kukikimbiza. Ukijaribu kuongeza kasi maradufu, upinzani wa maji unapanda karibu mara nne. Kwa hivyo mipango mingi iliongelea mwendo wa kilomita 2 hivi kwa saa. Mama anayetoka sokoni na kikapu kichwani angeuacha nyuma.

Bado, tuseme umefika. Umevumilia miezi, umepoteza sehemu kubwa, lakini umefika mlangoni mwa Bahari ya Shamu. Hapo kusini mwa bahari hiyo, karibu na visiwa vya Hanish, sakafu ya bahari inainuka. Kina chake hapo ni mita 137 hivi. Milima mikubwa ya barafu ya Antaktika huwa na unene wa mita 200 na zaidi, na sehemu kubwa iko chini. Haipiti. Utaisimamisha mlangoni na Jeddah iko mbele karibu kilomita 1,000.

Mradi haukuvuta hata mlima mmoja. Saudia ilirudi kwenye jambo ambalo mwanamfalme mwenyewe aliwahi kulisimamia: mitambo ya kuondoa chumvi. Na kumbe Jeddah ilikuwa na mtambo wa kuchemsha maji ya bahari tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wenyeji wakiuita Kindasa. Leo Saudia ndiyo inayoongoza duniani kwa kutengeneza maji ya aina hiyo. Yanakula nishati nyingi na yanarudisha maji mazito ya chumvi baharini, sitaki kuyapamba. Lakini yanatokea hapo hapo ufukweni, karibu na bomba, mwaka mzima.

Mougin hakukata tamaa. Miaka 30 na kitu baadaye, kampuni ya Ufaransa ya Dassault Systèmes ilimsaidia kujaribu safari kwenye kompyuta: mlima wa tani milioni 7, kutoka Newfoundland nchini Canada hadi visiwa vya Canary, tagi moja, sketi ya kuzuia joto. Kompyuta ilisema siku 141, na asilimia 38 ya barafu ingeyeyuka. Asilimia 62 ingefika! Na kuvuta si hadithi. Huko huko Newfoundland, tangu miaka ya 1970, meli huzungushia kamba milima ya barafu na kuisogeza ili isigonge mitambo ya mafuta. Wanaisogeza kidogo tu, ipite kando, lakini wanaisogeza.

Kwa hivyo, kwa haki, tusiseme hawa watu walikuwa vichaa. Baharini, hesabu zao zinasimama kiasi. Zinaangukia ufukweni. Ukishafika na mlima unaozama mita 200, huwezi kuuegesha karibu na jiji. Utauacha mbali. Kisha utahitaji kuuvunja, kukusanya maji bila kuchanganyika na chumvi, kuyapakia kwenye meli au bomba la baharini, kuyasukuma hadi kwenye matanki, halafu kwenye mtandao wa mabomba, halafu nyumbani kwa mtu. Mtu akikuonyesha picha ya mlima wa barafu mweupe unaovutwa na tagi, mwambie akuonyeshe picha ya bomba.

Jiji lililohesabu siku

Cape Town ndiyo iliyokaribia zaidi kulijaribu jambo hili kwa sababu ya hofu ya kweli. Kuanzia 2015 hadi 2017 mvua ilikosa miaka mitatu mfululizo. Bwawa kubwa la Theewaterskloof likawa jangwa la mchanga lenye dimbwi katikati. Mwanzoni mwa 2018 jiji la watu kama milioni 4 lilitangaziwa siku ambayo mifereji ingefungwa na watu wapange foleni kupewa lita 25 kila mmoja. Waliiita Siku ya Sifuri.

Hapo akajitokeza Nick Sloane, nahodha wa uokoaji aliyeongoza kazi ya kuinua meli ya Costa Concordia iliyopinduka Italia mwaka wa 2012. Ukimwangalia huyu, huwezi kusema hajui kuvuta vitu vizito. Mpango wake: tafuta mlima wa tani milioni 100 karibu na kisiwa cha Gough kusini mwa Atlantiki, uvishe sketi, uuvute kama kilomita 2,700 ukisaidiwa na mikondo, uuegeshe nje ya pwani ya magharibi, uanze kuvuna. Ungetoa sehemu ya maji ya jiji kwa takriban mwaka mmoja. Bei: zaidi ya dola milioni 100. Jiji halikusaini.

Kilichoiokoa Cape Town kilikuwa kitu kisichopigwa picha. Kuanzia 1 Februari 2018 kila mtu alipewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Hiyo ni mitungi miwili na nusu: kuoga, kupika, kufua, choo, kila kitu. Waliopitisha walipandishiwa bei na wengine wakawekewa vifaa vya kupunguza maji kwenye mita. Mabomba yakapunguzwa presha ili yavuje kidogo. Wakulima waliokuwa na maji ya ziada wakayaachilia yaingie kwenye mabwawa ya jiji. Matumizi ambayo mwaka wa 2015 yalifika karibu lita bilioni 1.2 kwa siku yakashuka hadi lita milioni 500 na kitu. Kisha mvua ya katikati ya 2018 ikaja. Siku ya Sifuri haikufika.

Lakini usipige makofi haraka. Kwa wakazi wengi wa vibanda vya Khayelitsha na mitaa mingine ya aina hiyo, kupanga foleni kwenye mfereji wa pamoja hakukuwa jambo geni la 2018. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao ya kila siku, kabla ya ukame na baada yake. Mwaka wa 2023 watafiti walichapisha uchambuzi wa matumizi ya maji ya jiji hilo: kaya tajiri na za tabaka la juu la kati, ambazo ni karibu asilimia 14 ya wakazi, zilikuwa zinatumia zaidi ya nusu ya maji ya majumbani. Mabwawa ya kuogelea. Nyasi. Kuosha magari.

Sasa rudisha ule mlima wa barafu kwenye hiyo picha. Tuseme Sloane angefaulu. Maji yangeingia kwenye mabomba yale yale. Yangefuata njia ile ile. Na zaidi ya nusu yangeishia kule kule kwenye nyasi. Mlima wa tani milioni 100 hauwezi kubadilisha mgao. Unaongeza tu kwenye sufuria, na mwenye mwiko ni yule yule.

Glasi yarudi, safari hii Dubai

Mwaka wa 2017 mfanyabiashara wa Falme za Kiarabu, Abdulla Alshehi, alitangaza mpango wa kuvuta mlima wa barafu kutoka karibu na kisiwa cha Heard hadi pwani ya Fujairah, karibu kilomita 9,000. Video ilikuwa tamu, na pengwini walikuwepo. Miaka imepita na mlima haujafika.

Lakini barafu imefika. Mwaka wa 2024 kampuni moja ya Greenland ilisafirisha shehena yake ya kwanza kwa meli hadi Dubai, kama tani 20. Wanakusanya vipande vinavyoelea kwenye ghuba za huko, wanavipakia kwenye kontena la baridi, na vinaishia kwenye baa na hoteli za kifahari. Wanaouza wanasema barafu hiyo ni safi na ya zamani sana, na inayeyuka polepole kwenye kinywaji.

Tudor akifufuka leo, hatahitaji kuelezwa chochote. Ni biashara yake ile ile: joto jingi, wateja wenye pesa, glasi.

Na kabla hujauliza: hiyo barafu ni ya nani? Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mwaka wa 1959 na nchi 12. Kutoka Afrika ilikuwepo moja tu, Afrika Kusini, tena ile ya utawala wa kibaguzi. Itifaki ya 1991 ilipiga marufuku uchimbaji wa madini huko, lakini kuvuna barafu hakukuhesabiwa kama uchimbaji wa madini. Bara zima la maji matamu, na kanuni za kuyachota bado zina mwanya. Kama siku moja teknolojia itafanya iwe rahisi, watakaofika kwanza ni wenye meli. Mwenye mtungi atasikia kwenye habari.

Sasa hii inatuhusu aje?

Hakuna mtu anayepanga kuvuta barafu hadi Kilindini, angalau bado. Lakini ile tabia ya kupenda maji ya mbali yenye picha kubwa, hiyo tunayo.

Septemba 2013 dunia nzima iliambiwa kwamba chini ya Turkana, eneo la Lotikipi, kuna hazina kubwa ya maji. Serikali ilitangaza pamoja na UNESCO. Ilikadiriwa mita za ujazo bilioni 200. Tukaambiwa yangetosha Kenya nzima kwa miaka 70. Vichwa vya habari vikawaka, watu wakashangilia. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiwango cha kunywa. Habari ya kwanza ilifika kila mahali. Ya pili wengi wenu mnaisikia leo.

Na hata maji yanapokuwepo kweli, angalia njia yanayopita. Mombasa imekunywa maji ya chemchemi za Mzima tangu miaka ya 1950, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Bomba linafanya kazi. Lakini wakazi wa Taita Taveta, ambako chemchemi zenyewe ziko, wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba maji yanawapita mlangoni yakienda kwa wengine. Hiyo ni Bahari ya Shamu yetu, na haina hata barafu.

Halafu kuna lile ambalo hakuna mwanasiasa atalifanyia mkutano. WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, huripoti kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayaleti pesa. Mengine yanavuja ardhini, mengine yanaibwa, mengine yanapita kwenye mita zisizosoma. Kwa kila mitungi 10 inayosafishwa kwa gharama yetu, zaidi ya minne haijulikani imelipiwa na nani. Wakati huo huo, mkazi wa mtaa wa vibanda Nairobi asiye na mfereji ananunua kwa mtungi, na kwa lita anaweza kulipa mara kadhaa zaidi ya mwenye nyumba yenye mita. Maskini ndiye anayelipa bei ya Dubai, manze, na hata haina barafu.

Linganisha na Mougin. Mlima wake ungepoteza asilimia 38 kwa safari ya siku 141 kwenye bahari wazi. Sisi tunapoteza zaidi ya hapo kutoka kwa mtambo hadi kwa mfereji. Ukiweka namba hizo mbili kando kwa kando, yule mwanamfalme anaanza kuonekana mtu makini.

Simaanishi tuache kuota. Bila watu wa aina ya Isaacs na Mougin hatungejua ni nini kinawezekana, na ukame unavyozidi, huenda siku moja jiji fulani litalazimika kujaribu. Mabwawa, vichuguu, visima virefu, hata mitambo ya kuondoa chumvi pale Pwani, vyote vinaweza kuwa na nafasi yake. Ninachokataa ni kupigiwa ngoma ya maji mapya na mtu ambaye hajaeleza yale ya zamani yamekwenda wapi.

Miaka ya uchaguzi huwa na maji mengi sana, hasa kwenye mabango. Safari ijayo mtu akisimama jukwaani na kutangaza mradi mkubwa wa maji ya kutoka mbali, usimuulize ni lita ngapi. Muulize bomba linaishia kwa nani, mtungi utauzwa pesa ngapi, na ni lini ataziba lile linalovuja karibu na kituo cha matatu mtaani kwenu tangu mwaka jana. Akianza kukuonyesha video, basi jua ile barafu tayari ina mwenyewe, na anasubiri glasi.